Siagi kugoma kwenye kibuyu: jibu langu kwa dada wa Mbagala, na miiko ya kusuka maziwa

Dada, nimeusoma uzi wako na majibu yote yaliyofuata. Naona wachangiaji wamekuvuta huku na huku na bado hakuna aliyekwambia ukifanyie nini hicho kibuyu. Nitaandika kirefu, asiyependa kusoma apite.

Kwa wanaoingia sasa hivi: dada anaishi Mbagala. Mama mkwe wake kaja kutoka Kagera na kibuyu cha kusukia maziwa. Wamenunua lita tatu kwa mfugaji, wameyaacha yakaganda, wakaanza kusuka saa nne asubuhi, na mpaka saa saba mchana hakuna hata punje. Katikati ya kazi jirani alipita kuomba chumvi, wakampa. Sasa mama mkwe anasema jirani kaondoka na siagi. Humu ndani mmoja kasema huo ni ushirikina, nunua blenda uachane na kibuyu. Mwingine akajibu kwamba hakuna mwiko wa wazee usio na sayansi ndani yake, kwa hiyo mama asikilizwe.

Mimi nimekulia Karagwe kwa bibi mzaa mama, nyumba ya ng'ombe, na kusuka ndiyo ilikuwa kazi ya wasichana wa pale. Siku hizi naishi Mwanza na bado nasuka, kibuyu ninacho. Kwa hiyo naongea ninachokijua: jirani yako hana hatia. Mwenye hatia ni joto la Dar.

Maziwa ya ng'ombe yana mafuta kama asilimia 4 hivi, na ya ng'ombe wetu wa asili huwa yanazidi hapo. Mafuta hayo yamo ndani ya maziwa kwa vitone vidogo ambavyo jicho halivioni, na kila kitone kimevikwa utando wake. Kusuka ni kuvigonganisha vitone mpaka utando upasuke, mafuta yakutane yashikane. Ila ili yashikane ni lazima yawe yameanza kuwa magumu, sehemu yake tu, siyo yote. Yakiwa yameyeyuka, utasuka mpaka jioni yanagongana na kuachana. Yakiwa magumu mno yanagongana bila kunata. Maziwa yaliyoganda yanasukika vizuri yakiwa kwenye nyuzi 16 mpaka 20 hivi. Mbagala, saa tano asubuhi, chini ya bati, uko kwenye nyuzi 30, na mikono yako na mapaja yako yanaongeza moto juu yake. Hapo hata angesuka malkia, siagi isingetoka.

Karagwe tuko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na tulikuwa tunasuka kabla jua halijachomoza. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya bibi yangu na wewe. Hakuwa na kipimajoto. Alikuwa anakiinua kibuyu, anakiegemeza shavuni chini kidogo ya sikio, anakaa hivyo kimya, halafu anasema "haya" au "bado". Akisema bado na ni msimu wa baridi, kibuyu kilisogezwa karibu na mafiga kwa muda. Akisema bado na ni kiangazi, kilifungwa kitambaa kilicholowa na kuwekwa mlangoni panapopita upepo. Wajukuu tulidhani anasikiliza kitu mle ndani.

Sasa fanya hivi. Yale maziwa ya jana kama bado unayo usiyamwage, mradi hayajaanza kunuka vibaya. Mimina kwenye sufuria safi, weka ndani ya beseni la maji yenye barafu mpaka ukigusa sufuria usikie ubaridi wa maji ya mtungini, usifike ubaridi wa friji. Ukiyatoa friji moja kwa moja utapata tabu ya upande wa pili. Kibuyu chenyewe kisuuze kwa maji baridi kwanza. Suka saa kumi na moja alfajiri au usiku mwingi. Na usikijaze: nusu ya kibuyu ndiyo mwisho, theluthi ni bora zaidi. Watu wengi wanaoniuliza kwa nini siagi imegoma, nikiwauliza walijaza kiasi gani wananiambia mpaka shingoni. Maziwa yasiyo na nafasi ya kurukaruka hayagongani, yanahama tu upande huu kwenda upande ule.

Kukaa: chini, miguu imenyooshwa, kibuyu juu ya mapaja au juu ya ngata nzito ya nyasi au kanga iliyoviringishwa. Mkono mmoja shingoni, mwingine kwenye kitako. Kinapelekwa mbele na kurudi, mwendo mmoja, bila haraka. Sisi kizibo kilikuwa gunzi la hindi lililozungushiwa jani la mgomba. Mwanzoni simamisha mara kwa mara uvute kizibo kitoe pumzi, kwa sababu maziwa yaliyochachuka yakitikiswa yanatoa hewa nyingi, na usipoitoa kizibo kitaruka na maziwa yatakuwa ukutani.

Sikiliza sauti. Inaanza nyepesi, ya maji. Baadaye inakuwa nzito na kibuyu kinakuwa kama kimeziba, hakivumi, mkono unasikia uzito ambao mwanzo haukuwepo. Hapo wanafunzi wote hukata tamaa, wanasema maziwa yamekufa. Ndiyo kwanza yanafika. Endelea. Ghafla sauti inarudi kuwa ya maji, lakini safari hii kuna kitu kinagonga mle ndani. Chukua bua la nyasi safi, chovya. Likitoka limepakwa krimu kote, bado. Likitoka jepesi, lina punje za manjano zinazofanana na chenga za mchele, acha kusuka pale pale. Ukiendelea utazikusanya kuwa bonge moja lililofungia maziwa ndani, na siagi yenye maziwa ndani inaoza haraka.

Mimina maji baridi kidogo, zungusha taratibu punje zikusanyike, halafu toa. Kuosha ndiko watu wanakofanya uvivu. Osha siagi kwa maji baridi, ukiikanda kwa mwiko wa mti, mwaga, rudia, mpaka maji yatoke safi, yaani maji tu, bila weupe wa maziwa. Kwa lita tatu hata robo kilo haifiki, usije ukadhani umeibiwa tena. Lita tatu zenye mafuta asilimia 4 zina gramu 120 za mafuta, na mengine yatabaki kwenye maziwa. Hata lita kumi, nusu kilo ni ya kutafuta kwa tochi.

Halafu la mfugaji wako. Wapo wanaoengua krimu ya juu kabla ya kukuuzia, na wapo wanaoongeza maji. Maziwa ya namna hiyo hayana siagi ya kutoa hata ungeyasuka juu ya Kilimanjaro. Na kwa wale waliouliza kama maziwa ya pakiti yanafaa: mengi yamepitishwa kwenye mashine inayovunja vile vitone vya mafuta viwe vidogo zaidi, makusudi, ili krimu isipande juu. Yasukwe mpaka kesho, hayatoi.

Nije kwenye miiko, maana naona ndiyo iliyowasha moto humu.

Kwa bibi yangu miiko ya siku ya kusuka ilikuwa mingi. Anayesuka haamkiwi, na akiamkiwa haitiki. Hakuna kuuliza "imetoka?" Kibuyu hakirukwi. Kikianzwa hakiachwi njiani, na kama mkono umechoka anayepokea awe wa nyumba ile ile. Hakuna kinachotolewa nje ya nyumba, iwe moto, chumvi au maziwa, mpaka siagi iwe imeshaondolewa kwenye kibuyu. Mwanamke aliye kwenye siku zake hagusi vyombo vya maziwa. Maziwa hayachemshwi, kwa sababu ng'ombe atakauka. Na aliyekula nyama au maharage hanywi maziwa mpaka muda upite. Hii ya mwisho na ile ya kutochemsha siyo ya kwetu tu. Kwa majirani zetu Wahima, wafugaji wa Ankole kule Uganda, iliandikwa na wageni tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, na mpaka leo ukienda kwa mzee wa Mbarara mwenye ng'ombe utaisikia.

Mchangiaji aliyesema kila mwiko una sayansi, namheshimu, lakini anawapamba wazee kwa nguo wasiyoiomba. Baadhi ina sababu inayoonekana. Kutoamkiana na kutoachia njiani kunalinda mwendo, maana ukisimama dakika kumi kuongea, maziwa yanapata joto na punje zilizoanza zinalainika. Kusuka alfajiri nimeshaeleza. Kutoruka kibuyu, jamani, kibuyu kinavunjika. Kupata kibuyu cha kusukia si mchezo: unachagua kilichokomaa shambani, unakitoboa, unajaza maji nyama ya ndani ioze, unakokota mbegu na utando, unatia mchanga na vikokoto unatikisa, unasuuza, unarudia mpaka uchungu uishe, halafu unakifukiza. Ya kwanza kusukwa humo tulimwagia mbwa, kwa sababu ule uchungu wa kibuyu hauishi kwa kuoshwa tu. Chombo kilichotoka kwenye kazi yote hiyo, ningekuwa mimi bibi ningeweka mwiko hata wa kukipigia chafya.

Ila mwiko wa mwanamke kwenye siku zake hauna sayansi, na sitautafutia. Siagi haijui. Nilichokiona mimi ni kwamba uliwatia aibu mama zangu wadogo mbele ya nyumba nzima kila mwezi, maana asiyegusa vyombo kila mtu anajua kwa nini. Ndiyo maana kusuka kuliangukia kwa wasichana wadogo na kwa bibi aliyekwisha kukoma. Anayetaka kuutetea autetee kama mila, asiniletee habari za bakteria.

Na huu wa kutochemsha ndio ninaoupiga vita waziwazi. Ng'ombe hakauki kwa sababu maziwa yake yamechemshwa. Nimechemsha miaka nenda rudi na ng'ombe wa mjomba wanakamuliwa vilevile. Ila ugonjwa wa kutupa mimba upo kwenye mifugo yetu, unapita kwenye maziwa mabichi na kumpata binadamu kwa homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo, na watu wanatibiwa malaria mwaka mzima. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho kinapita humo humo. Kuganda kwa maziwa hakuui vimelea hivyo kwa uhakika, na siagi ya maziwa mabichi inaweza kuvibeba. Kwa hiyo chemsha maziwa, yaache yapoe mpaka vuguvugu la kuvumilika kwa kidole, tia vijiko viwili vitatu vya mtindi mzuri, koroga, funika, acha siku moja mpaka mbili. Siagi inatoka. Ladha inapungua ukali kidogo, hilo ni kweli, na bibi alipoonja ya kwangu alisema ni siagi ya hospitali. Aliila lakini.

Vyombo vya maziwa enzi zile vilisafishwa kwa mkojo wa ng'ombe kabla ya kufukizwa. Najua vijana mtacheka. Maji yalikuwa mbali. Leo maji na sabuni vipo, acha huo mkojo, baki na kufukiza. Sisi tulitumia nyasi tulizoziita emburara, zinachomwa ndani ya kachungu kadogo, moshi unaelekezwa kwenye mdomo wa chombo mpaka ndani kuwe pakavu na panukie. Wakalenjin wa Kenya wana mkaa wa mti wanaouita senetwet kwenye vibuyu vyao vya mursik, yaani maziwa yao ya mgando, Wamasai wanatumia kijinga cha mzeituni wa porini. Kila mtu na mti wake. Moshi unakausha na unachelewesha uozo, na unatia ile harufu ambayo mtu aliyelelewa nayo akiikosa anasema maziwa yamepooza. Mama mkwe wako akitaka kukifukiza kibuyu, mwachie, na ukae umtazame anavyofanya.

Sasa mwiko uliokuletea ugomvi, ule wa kutotoa kitu nje.

Fikiria kazi yenyewe. Umeamka usiku, umekusanya maziwa ya siku mbili ambayo watoto wangeyanywa, umesuka mpaka mabega yanawaka moto. Siku nyingine siagi inatoka jua likichomoza. Siku nyingine, kibuyu kile kile, ng'ombe wale wale, mikono ile ile, haitoki kabisa. Kilichobadilika ni nyuzi chache za joto ambazo huwezi kuziona, au ng'ombe amekaribia kuacha kukamuliwa na maziwa yake yamebadilika, au amekula majani ya aina nyingine. Mtu asiyeona sababu anaangalia kilichoonekana. Na kilichoonekana ni jirani aliyesimama mlangoni.

Wala siyo sisi tu. Ireland, nchi ya siagi kweli kweli, walikuwa na hofu hiyo hiyo ya mtu kuondoka na siagi ya nyumba, ila dawa yao ni kinyume cha yetu. Kwao mgeni akikuta watu wanasuka, ni lazima ashike mti wa kusukia asukume kidogo, ndipo aendelee na safari zake. Asiyeshika ndiye anayeshukiwa. Huku kwetu mgeni akigusa ndiyo balaa. Hofu moja, amri mbili zinazopingana. Hapo ndipo nilipoacha kuamini kwamba ndani ya mwiko huu kuna siri fulani ya maziwa. Ndani yake kuna watu wanaoogopa kupoteza kitu cha thamani.

Na kilikuwa cha thamani hasa. Speke, yule mpelelezi Mwingereza, alipofika Karagwe mwaka 1861 alikuta wanawake wa nyumba ya Omukama, yaani mfalme, Rumanyika wananeneshwa kwa maziwa mpaka wengine hawawezi kusimama, na hiyo ndiyo ilikuwa heshima ya nyumba kubwa. Siagi ilikuwa mafuta ya kujipaka, ya bibi harusi, ya mtoto mchanga, ya ngozi za kuvaa. Nyumba yenye siagi ilijulikana kwa kumtazama mtu mkono. Kwa hiyo kulinda siagi isitoke nje kabla haijakamilika ilikuwa ni kulinda jina la nyumba. Bibi yangu ng'ombe mpya akizaa, dang'a ikishaisha na maziwa yakianza kusukwa, siagi ya kwanza alichukua kidogo kwa kidole akapaka paji la ndama, halafu mapaji yetu wajukuu, mkubwa mpaka mdogo. Huu sina sababu ya kisayansi ya kuupa na sina sababu ya kuuacha. Wajukuu wangu nawapaka.

Kwa hiyo dada, mimi nagawa hivi. Mwiko unaohusu saa, utulivu na usafi, ushike, utakusaidia hata kama hujui kwa nini. Unaokupa furaha na haumdhuru mtu, ushike ukipenda. Unaokutaka uchemshe kidogo au usichemshe kabisa, achana nao. Na unaomtafuta mtu wa kulaumiwa, huo uuzime mapema, kwa sababu leo ni siagi, kesho mtoto akiumwa homa jirani huyo huyo ndiye atakayetajwa. Tunajua katika Kanda yetu ya Ziwa maneno ya namna hiyo yamewafikisha vikongwe wapi. Silioni kuwa jambo dogo.

Lakini usiende kumwambia mama "huo ni ushirikina" kama kijana wa pale juu alivyoandika. Kabeba kibuyu kutoka Kagera mpaka Dar, safari nzima kwenye basi, kakipakata. Mwambie, "Mama, huku joto ni kali kuliko nyumbani, tujaribu alfajiri, na maziwa tuyapoze kwanza." Halafu mpe kibuyu akiegemeze shavuni aseme kama kimefika. Kama alisuka nyumbani kwao anaijua hiyo. Siagi ikitoka, habari ya jirani itakufa yenyewe, na ukiweza mpelekee jirani mtindi uliobaki. Mwiko wa kutotoa nje unaisha siagi ikishatoka, kwa hiyo mama hatakuwa na neno.

Kuhusu blenda: inafanya kazi, sibishani. Engua krimu ya juu, ipoze, zungusha kwa mwendo wa chini, simamisha mara tu itakapoachana. Ni dakika chache. Tatizo la blenda ni kwamba inapasha moto na inapita hatua haraka. Unageuka kumjibu mtoto, unakuta bonge. Chupa ya plastiki yenye mdomo mpana nayo inatosha kwa kiasi kidogo, watoto wanapokezana kuitikisa. Mimi nabaki na kibuyu kwa sababu kinapumua, ule ubaridi wa kibuyu kilicholowa nje hakuna plastiki inayoutoa, na kwa sababu ya harufu.

Kuhifadhi. Siagi ya nyumbani isiyo na chumvi, kwa joto lenu, nje ya friji haifiki mbali. Kama huna friji fanya samli siku hiyo hiyo. Sufuria nzito, moto mdogo, siagi itayeyuka, itatoa povu na kelele, maji yanaondoka. Usikoroge sana. Kelele zikipungua na povu likawa jembamba, chini utaona mabaki yanaanza kuwa ya kahawia na harufu inageuka kuwa ya karanga. Epua hapo, usisubiri, moto wa sufuria utamalizia. Chuja kwa kitambaa safi kwenye chupa iliyokauka kabisa. Tone moja la maji linaharibu chupa nzima. Yale mabaki ya kahawia ya chini tulikuwa tunagombania kupakia kwenye ndizi za kuchemsha. Yatie chumvi.

Kuna aliyeuliza kuhusu eshabwe. Hiyo ni rojo ya siagi ya wenzetu wa Ankole, ng'ambo ya mto Kagera, na inatengenezwa kwa siagi ya ng'ombe, maji yaliyochemshwa yakapoa, na maji ya chumvi ya mawe, zamani ikitoka Katwe. Inakorogwa mpaka ile manjano igeuke nyeupe na kuwa nzito, haipikwi. Inaliwa na nyama iliyokaushwa kwa moshi na ugali wa ulezi. Siagi iliyotoka kwenye kibuyu asubuhi hiyo siyo nzuri kwa eshabwe. Wanapenda iliyokaa ikapata ukali. Mgeni wa mara ya kwanza anaweza kuishangaa, ila mpe mara ya pili.

Na wa mwisho, ndugu wa Dodoma mwenye mbuzi wa maziwa. Inawezekana, ila vitone vya mafuta vya mbuzi ni vidogo, krimu yake haipandi juu kirahisi, kwa hiyo usisubiri kuengua kwa kijiko. Gandisha maziwa yote, yapoze zaidi ya ya ng'ombe, suka kwa muda mrefu zaidi. Siagi itatoka nyeupe, siyo manjano, usidhani imeharibika. Na dume lisikae karibu na majike wakati wa kukamua, ile harufu yake inaingia kwenye maziwa na haitoki hata kwa emburara.